Mashina Mawili ya Neno Moja: Tathmini ya Etymonline, Kamusi ya Asili ya Maneno ya Kiingereza

Mwongozo wa usalama wa baharini niliokuwa nikiufasiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili ulikuwa na kurasa arobaini na ushei, na katika ukurasa wake mmoja tu neno "point" lilitokea mara tano, kila mara likiwa na maana yake. Mara ya kwanza lilikuwa rasi ambayo chombo kinapaswa kuizunguka kwa mbali. Mara ya pili lilikuwa mgawo wa dira, mara ya tatu nukta ya desimali katika jedwali la vina vya maji, mara ya nne ncha ya kisu cha kukatia kamba, na mara ya tano mahali pa kukusanyika abiria inapotokea hatari. Mfasiri hawezi kuzipa maana hizo tano neno moja la Kiswahili, na hakuna anayemtaka afanye hivyo. Swali lililonikaa moyoni lilikuwa jingine: imekuwaje lugha moja ikatosheka na neno moja mahali ambapo sisi tuna rasi, nukta, ncha, mahali, hoja na alama? Nililipeleka swali hilo kwenye Etymonline, na kwa kuwa tangu siku hiyo nimeifungua karibu kila nikaapo kufasiri, naona nina haki ya kuieleza kwa wasomaji wenzangu, hasa wafasiri na walimu.

Etymonline ni kamusi ya mtandaoni inayotumiwa bila malipo, na kazi yake ni kueleza asili ya maneno ya Kiingereza. Aliyeiandaa ni Douglas Harper, Mmarekani wa jimbo la Pennsylvania, aliyeanza kuijenga mwanzoni mwa miaka ya 2000. Si kamusi ya kumwambia mtu neno lina maana gani leo. Ni kamusi ya kumwonyesha neno lilitoka wapi, lilipitia lugha zipi, lilianza kuonekana lini katika maandishi, na lilipata maana gani mpya njiani. Mwandishi wake hadai kwamba amechimba kila kitu kwa mikono yake. Anavitaja vitabu na kamusi kubwa alizotegemea, na panapokuwa na mabishano baina ya wataalamu mara nyingi huyataja badala ya kuyaficha. Mimi nimeipenda tabia hiyo kuliko sifa nyingine yoyote ya kamusi hii, kwa sababu habari za asili ya maneno ni uwanja uliojaa hadithi tamu zisizo na ushahidi.

Kidahizo cha "point", yaani neno hilo pamoja na maelezo yake katika kamusi, kinaanza na tarehe: neno limeonekana katika Kiingereza tangu mwaka 1200 hivi. Kisha inakuja habari iliyonifanya nisogeze kiti karibu na meza. Neno hili halikuanza likiwa moja. Ni maneno mawili yaliyokutana. Katika Kilatini kulikuwa na kitenzi pungere, maana yake kuchoma au kudunga kwa kitu chenye ncha. Kitenzi hicho kilizaa punctum, yaani kitobo kidogo kinachobaki baada ya kitu kudungwa, na baadaye chochote kinachofanana na kitobo hicho: doa, nukta, chembe. Kitenzi hicho hicho kilizaa pia puncta, ambayo katika Kilatini cha zama za kati ilitumika kwa ile ncha yenyewe inayodunga. Maneno hayo yaliingia katika Kifaransa cha kale yakiwa bado mawili, point kwa nukta na pointe kwa ncha, na hadi leo Mfaransa anayatofautisha kwa jinsia na kwa matamshi. Waingereza ndio walioyapokea yote mawili, wakayaacha yaungane katika umbo moja, na wala hawakuona haja ya kuyatenganisha tena.

Hapo ndipo fumbo la ukurasa wangu lilipofumbuka. Ncha ya kisu na rasi ni watoto wa pointe, kwa kuwa rasi ni ncha ya nchi kavu iliyochomoza baharini. Nukta ya desimali na mahali pa kukusanyika ni watoto wa point, kwa kuwa mahali, ukipatazama kwenye ramani, ni doa moja katika eneo pana. Mgawo wa dira mimi nauweka mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Dira ya kale ya mabaharia wa Ulaya ilikuwa na migawo 32, kila mmoja ukiwa na digrii 11.25, na kila mgawo ni alama kwenye mduara. Lakini wachoraji wa ramani waliichora dira hiyo kama nyota yenye ncha nyingi, kwa hiyo macho ya baharia yaliona ncha na alama kwa wakati mmoja. Mtu aliyejua Kiswahili peke yake hangepata shida hapa, maana kwetu kinachodunga ni ncha na kinachobaki baada ya kudunga ni tundu au nukta, na hakuna siku tuliyovichanganya.

Wakazi wa Mombasa wana mfano huu mbele ya macho yao. Upande wa bara, mkabala na kisiwa, kuna mahali panapoitwa English Point, ilhali kisiwani kwenyewe kuna Ras Serani. Majina yote mawili yanataja ardhi iliyochomoza majini, lakini Mwingereza ameiita kwa jina la ncha, na Mwarabu, ambaye kwake neno ras ni kichwa, ameiita kwa jina la kichwa. Sisi tumechukua la Mwarabu tukalifanya rasi. Kamusi ya Harper haitaji Mombasa, wala haikupaswa kuitaja, lakini maelezo yake ndiyo yaliyonifanya nitambue kwamba neno lililo katika jina hilo ni la ncha. Kabla ya hapo, miaka yote, nilikuwa nikidhani linamaanisha "mahali pa Waingereza" tu.

Baada ya shina, kidahizo kinafuata matawi. Hapa msomaji asiharakishe, kwa sababu kila tawi lina tarehe yake na tarehe hizo zinaonyesha shughuli zilizokuwa zikiikuza lugha. Maana ya jambo linalojadiliwa, ile tunayoiita hoja, ilikuwepo tangu mwishoni mwa karne ya 14. Maana ya alama inayohesabiwa mchezoni imeandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1746. Wachapaji wa vitabu walilifanya kipimo cha ukubwa wa herufi, ambacho kwenye kompyuta za leo ni sehemu moja ya 72 ya inchi. Wauzaji wa vito nao walilifanya sehemu moja ya mia ya karati, na kwa kuwa karati moja ni gramu 0.2, basi "point" moja ya kito ni miligramu mbili. Kipimo hicho hicho ndicho kinachotumika kupimia tanzanaiti ya Mererani inapofika mezani kwa mnunuzi, na neno karati lenyewe lilipita katika Kiarabu kabla ya kufika Ulaya. Usemi wa marubani "point of no return", yaani mahali ambapo ndege ikishapita haiwezi tena kurudi ilikotoka, umeandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1941, na leo wanasiasa na wanandoa wanautumia bila kukumbuka kwamba ulianza na hesabu ya mafuta.

Lakini hazina kubwa ya huduma hii haimo katika kidahizo kimoja. Imo katika viungo vinavyotoka hapo kwenda kwenye ukurasa wa shina la kale kabisa, lile ambalo wataalamu wamelikadiria kwa kulinganisha lugha nyingi za Ulaya na Asia. Shina la "point" limeandikwa *peuk-, likiwa na nyota mbele yake. Nyota hiyo ni muhimu, na msomaji mgeni anapaswa kuielewa mapema: inamaanisha kwamba neno hilo halikukutwa katika maandishi yoyote, bali limejengwa upya kwa ulinganisho. Chini ya shina hilo wamepangwa ndugu ambao mtu hangewadhania kuwa ni ndugu. Yumo "pungent", inayosemwa kwa harufu kali. Yumo "poignant", inayosemwa kwa jambo la kutia uchungu. Yumo "expunge", yaani kufuta, ambayo kwa maelezo ya zamani ilitokana na desturi ya kuweka nukta juu au chini ya jina lililofutwa katika orodha. Yumo hata "pugilist", mpigana ngumi, kwa kuwa ngumi kwa Kilatini ni pugnus, na mkono uliokunjwa ni mkono ulio tayari kugonga.

Nilipofika kwenye harufu na uchungu, nilijikuta nimerudi nyumbani. Kiswahili kimetembea njia hiyo hiyo bila kumfuata mtu. Mwiba unachoma mguu, moshi unachoma macho, maneno makali yanachoma moyo, na maumivu ya kudunga ubavuni wazee wetu waliyaita kichomi. Kilatini kilifanya hivyo kwa pungere, sisi tumefanya kwa kuchoma, na mfasiri anayeona neno "poignant" sasa ana ruhusa ya kuandika "inachoma moyo" akijua kwamba picha iliyomo katika neno la asili ni ile ile iliyomo katika neno lake. Vivyo hivyo kwa Kifaransa, ambacho kilichukua nukta kikaifanya mkazo wa kukanusha: ne mbele ya kitenzi na point nyuma yake, kwa maana ya "hata nukta". Anayesema "sina hata chembe" anasema jambo hilo hilo.

Kisha kuna jamaa wa Kiswahili ambao kamusi hii haiwataji kabisa, nao ndio walionifurahisha zaidi. Katika ukurasa huo wa shina mmo mlango wa kufikia "puncture", tundu la kudungwa, na mmo "appointment". Neno la kwanza limekuja kwetu na baiskeli na magari, likawa pancha. La pili limekuja na hospitali na ofisi, likawa apointimenti, ingawa tuna miadi iliyo nzuri kuliko hilo. "Point" yenyewe imekuwa pointi, ya kwenye ligi na ya kwenye mjadala. Kwa hiyo fundi anayeziba pancha kando ya barabara, shabiki anayehesabu pointi za timu yake mwisho wa msimu, na mgonjwa anayeulizwa dirishani kama ana apointimenti, wote watatu wanatamka watoto wa kitenzi kimoja cha Kirumi. Nimewaeleza habari hii wanafunzi wachache ninaowafundisha ufasiri, na sijaona somo jingine lililowafanya waache kuandika ili wasikilize tu.

Hapa ndipo upungufu wa huduma unapoonekana, ingawa kwa haki ni upungufu wa mipaka yake, si wa uaminifu wake. Etymonline inalifuata neno mpaka linapoingia katika Kiingereza, na kwa kawaida husimama hapo. Safari ya neno kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, Kihindi au Kizulu haimo, na msomaji lazima aimalizie mwenyewe. Kadhalika, kwa kuwa kazi yake ni ukoo wa maneno ya Kiingereza, haina sababu ya kumweleza msomaji jinsi lugha nyingine zilivyolitaja wazo lile lile kwa maneno mengine. Habari ya nukta, kwa mfano, haimo. Wagiriki walikuwa na stigme, kutoka katika kitenzi cha kudunga, lakini Euclid, mwanajiometri wao, alipoandika yapata mwaka 300 kabla ya Kristo kwamba nukta ni kile kisicho na sehemu, alichagua neno jingine, semeion, yaani ishara. Walatini walirudi kwenye tundu wakasema punctum, na Waarabu wakasema nuqta, neno linalotaja pia tone na vitone vya herufi. Tukalipokea, tukaliita nukta. Waandishi wa tenzi wa Lamu na Pate, waliotumia hati za Kiarabu, waliishi na nukta hizo kila siku: moja chini ni ba, mbili juu ni ta, tatu juu ni tha, na mnakili aliyesahau kitone kimoja alibadili neno zima. Nukta yetu, basi, imetoka kwenye kalamu na wino. Ya Mwingereza imetoka kwenye sindano. Tofauti hiyo inaonyesha kwa nini "point" inaweza kuchoma na nukta haiwezi, na mtu anayeitegemea Etymonline pekee hataiona.

Jambo la pili la kuangalia ni matumizi mabaya yanayoweza kufanywa na msomaji mwenye shauku. Asili ya neno si maana yake ya leo. "Disappoint" ilianza kwa maana ya kumwondoa mtu katika cheo alichoteuliwa, na kidahizo kinaeleza hivyo waziwazi. Lakini mfasiri atakayeandika "alivuliwa cheo" mahali ambapo mwandishi alisema tu kwamba mtu amevunjika moyo atakuwa ameharibu kazi kwa sababu ya elimu yake. "Punctual" ilihusu ncha na nukta kwa muda mrefu kabla ya kuhusu saa, na maana ya mtu anayefika kwa wakati ilikuja katika karne ya 17. Nimewahi kuhariri tafsiri ambayo mwenye nayo alikuwa amesoma asili za maneno kwa bidii, na kila sentensi ilikuwa imerudishwa kwenye shina lake mpaka haikusomeka. Kamusi ya asili inamwonyesha mfasiri kwa nini maana fulani zinakaa pamoja. Uamuzi wa maana ipi inakaa katika sentensi iliyo mbele yake unabaki kuwa wa sikio lake na wa kamusi za kawaida.

Tarehe nazo zisomwe kwa tahadhari. Mwaka 1746 si siku ambayo mchezaji wa kwanza alitamka neno hilo; ni mwaka wa andiko la zamani zaidi lililopatikana likiwa na maana hiyo. Watu huenda walilisema kwa vizazi kabla ya mtu kuliandika. Huduma yenyewe hutumia maneno kama "hivi", "mwishoni mwa karne" na "mapema katika karne", na mtu anayenakili tarehe hizo asiyaondoe maneno hayo madogo.

Wapo watakaouliza kwa nini nisipendekeze moja kwa moja kamusi kubwa ya Oxford, iliyotolewa kwa mafungu kuanzia mwaka 1884 hadi 1928 na ambayo toleo lake la pili la mwaka 1989 lina majuzuu 20. Kwa ushahidi, hiyo haina mpinzani, kwa kuwa huweka nukuu za kila karne chini ya kila maana, na Etymonline haifanyi hivyo kwa kiwango hicho. Lakini kamusi ya Oxford ya mtandaoni hutaka ada au uanachama wa maktaba iliyolipa, na mwalimu wa sekondari ambaye shule yake haina maktaba ya namna hiyo atabaki mlangoni. Tena, kidahizo chake cha "point" ni kirefu kiasi cha kumchosha asiyekuwa mtafiti. Etymonline humpa habari ile ile ya msingi katika aya chache, kwenye kurasa ambazo ni maandishi zaidi kuliko picha, na kwa simu ya kawaida husomeka vizuri. Kuna matangazo, na lugha yake ni Kiingereza cha kitaalamu kiasi chenye vifupisho vingi vya majina ya lugha. Mwanafunzi wa kidato cha pili atahitaji mtu wa kumshika mkono mara mbili tatu za mwanzo.

Nikiipima kwa kazi yangu, naipa daraja la juu kabisa kwa kumwonyesha mtu ukoo wa neno, daraja la kati kwa ushahidi, na siipi daraja lolote kwa Kiswahili, kwa kuwa haikuahidi chochote upande huo. Ninachotamani, na ninakitamani kwa dhati, ni huduma ya namna hii iliyojengwa kwa ajili ya Kiswahili chenyewe. Kamusi zetu hututajia kwa kifupi lugha ambayo neno limetoka, lakini hazitusimulii safari. Ningependa kubofya rasi nikaona kichwa cha Kiarabu, nibofye kichomi nikaona kuchoma na ndugu zake katika lugha nyingine za Kibantu, nibofye pancha nikaona barabara yote mpaka Roma.

Kwa anayetaka kuijaribu Etymonline, ushauri wangu ni kwamba asianze na "point" yenyewe, kwa sababu matawi yake ni mengi na yatamchanganya. Aanze na "puncture", kidahizo kifupi, afuate kiungo cha kitenzi cha Kilatini mpaka kwenye shina lenye nyota, asome orodha ya ndugu taratibu akiwa na daftari pembeni, kisha ndipo arudi kwenye "point". Inachukua kama nusu saa hivi.